Siku ya Tano: Mimi, Mama Nuru na Pikipiki Moja

Mpenzi msomaji, kama wewe na mwenzako mnajipa moyo kwamba mnajuana vizuri, fanyeni jambo moja. Pandeni pikipiki moja ya CC 150, fungeni begi moja kwenye karia, halafu ingieni kwenye njia inayotoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron. Mkifika mtakuwa mnajuana. Mkifika mkiwa bado mnaongea, hongereni, maana mimi na wangu tulifika tumenuniana kwa zaidi ya kilomita arobaini, na njia ile hakuna hata duka la kusimama ukazuga unanunua soda.

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye stuli ndani ya nusu fremu hapa Kariakoo. Kwa nini nusu, utaelewa mbele.

Nyumbani kwetu ni Gerezani, dakika kumi kwa miguu hadi Mnazi Mmoja. Mama Nuru kwa miaka saba alikuwa anauzia watu vitenge Mtaa wa Kongo. Mimi nilikuwa mhasibu msaidizi kwenye ofisi moja maeneo ya Posta. Pikipiki niliinunua kukwepa foleni, wala siyo ya bodaboda, ingawa majirani hawakuamini hadi leo. Na kwa miaka mitatu tulikuwa na ahadi yetu: siku moja tutaipanda hii hadi kaskazini kabisa, mahali ambapo hata daladala halijui. Serengeti na Ngorongoro huingii na pikipiki, kwa hiyo tukachagua njia ya chini ya ukuta wa Bonde la Ufa: Mto wa Mbu, Engaruka, Ol Doinyo Lengai, Natron, kisha kuzunguka mlima Gelai na kutokea Longido. Siku tisa kwenda na kurudi. Mtoto tukamwacha kwa bibi yake Magomeni.

Sasa nikwambie jambo ambalo mke wangu hakulijua tulipoondoka.

Wiki sita kabla ya safari, ofisi yetu ilipunguza watu. Jina lake naliacha. Nilipewa barua, nikapewa kiinua mgongo cha shilingi milioni nne na laki mbili, nikapeana mikono na watu, nikatoka nje. Nikashindwa kusema nyumbani. Siku ya kwanza nilijiambia nitasema kesho. Siku ya pili nikaamka, nikapiga shati pasi, nikachukua hotpoti la wali ambalo Mama Nuru huniandalia kila asubuhi, nikaaga. Nikavuka barabara na kwenda kukaa kwenye benchi pale bustani ya Mnazi Mmoja. Saa saba nikala wali wangu. Saa kumi na moja nikarudi "kutoka kazini".

Tupo wengi pale, nakwambia. Mashati yamenyooka, viatu vinang'aa, bahasha ya kaki mkononi, na hakuna anayemuuliza mwenzake anatafuta nini bustanini saa nne asubuhi. Mwisho wa mwezi nilitoa hela kwenye kiinua mgongo, nikampa mke wangu, nikamwambia mshahara huo. Halafu nikamwambia nimepata likizo, twende ile safari yetu.

Ndiyo hivyo. Sikupanga kumwambia njiani. Nilipanga kusahau kwa siku tisa.

Asubuhi ya Mto wa Mbu

Dar hadi Arusha tulitumia siku tatu bila haraka, siku ya nne tukalala Mto wa Mbu. Hiyo ni lami na malori, sina la kukusimulia, isipokuwa kwamba mgongo una lugha yake na baada ya Same utaanza kuielewa.

Siku ya tano tuliamka saa kumi na moja. Ilikuwa Julai, kiangazi, ubaridi wa kukata masikio. Mto wa Mbu ni mji mdogo wenye kila kabila, ndizi mpaka zile nyekundu, na wali unaonukia tangu barabarani. Tulijaza tenki, tukaongeza lita tatu kwenye dumu, maana mbele mafuta huuzwa kwa chupa pale yanapopatikana. Kwa hesabu yetu lita moja ilikuwa inatupeleka kilomita arobaini na kidogo kwenye lami. Kwenye mchanga na watu wawili hesabu hiyo ni hadithi. Maji lita kumi. Vipuri tulishavinunua Gerezani kwa bei ya kubembelezana: tyubu moja, viraka na gundi, pampu ya mguu, plagi, kebo ya klachi, spana na nyuma mbili za kung'olea tairi. (Ushauri wa bure: nunua tyubu mbili. Tutafika huko.)

Lami ilipokwisha, ukuta wa Bonde la Ufa ukabaki mkono wa kushoto kama mtu anayekusindikiza bila kusema. Mkono wa kulia nyika tupu, migunga, vumbi, na mbali kule mlima Kitumbeine. Twiga watatu walituangalia tukipita, kwa dharau ile ya twiga. Mbuni mmoja aliamua kushindana nasi, akatushinda.

Mama Nuru alikuwa na raha isiyo kifani. Mikono yake kiunoni kwangu, kidevu begani, anaongea kwa sauti kushinda injini. Na alikuwa anaongea nini? Fremu.

"Baba Nuru! Tukirudi tu, mwisho wa mwezi namalizia kilemba!"

Kwa wasiojua Kariakoo: kilemba ni ile hela unayompa anayekuachia fremu kabla hujagusa hata kodi yenyewe. Cha kwake kilikuwa milioni sita. Milioni mbili alishatoa, akiba yake ya kikoba ya miaka mitatu. Milioni nne zilizobaki zilikuwa zitoke kwenye mkopo wangu wa ofisini, ule ambao mwezi wa nne nilimwambia kwa kifua mbele, "Hilo niachie mimi."

"Umesikia?"

"Nimesikia, upepo tu!" nikajibu.

Engaruka

Saa tatu tulikuwa Engaruka, tukanywa chai ya maziwa na chapati. Kijana mmoja wa pale alitupeleka kuona magofu juu ya kijiji. Nilitegemea mawe mawili matatu. Kumbe ni mji mzima: misingi ya nyumba zilizopangwa kwa mawe bila udongo wa kushikizia, na chini yake mashamba yenye mifereji ya mawe iliyokuwa inagawa maji ya mito kutoka ukutani. Watu walilima hapo tangu karne ya 15 hivi hadi ya 18, halafu wakaondoka. Kwa nini, wataalamu bado wanabishana. Wengi wanataja maji kupungua kuwa sababu mojawapo.

Mama Nuru alisimama juu ya mfereji mmoja, akaufuata kwa macho hadi ulipoishia nyikani.

"Sasa hawa," akasema, "yalipoanza kupungua, unadhani walikaa wakaambiana, au kila mtu alijifanya haoni?"

Nikasema tuondoke, jua linapanda.

Njiani alinisimulia habari za shangazi yake. Mwaka 2011, wakati nusu ya nchi ilipokuwa inakwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, kwa shilingi 500, shangazi alipita barabara hii hii nyuma ya Land Rover iliyojaza watu kama dagaa. Walilala njiani kwenye foleni ya magari, katikati ya pori ambalo leo tulikuwa peke yetu. Babu alifariki mwaka 2021. Shangazi yupo. Hapendi kuulizwa kama alipona; anasema tu kwamba hakuwahi kuona nyota nyingi namna ile.

Mwiba

Ilikuwa kama saa tano na nusu nilipohisi mkia wa pikipiki unacheza kiduku. Pancha, tairi la nyuma, kama kawaida ya Shetani. Mwiba wa mgunga, mrefu kama sindano ya kushonea magunia, ulikuwa umezama wote. Tukashusha mizigo, tukalaza mkeka chini ya kivuli kilichotosha mtu mmoja na nusu, tukafungua gurudumu. Tyubu mpya tuliyoinunua Gerezani kwa kubembelezana tukaitia upepo: ilikuwa inavuja kwenye vali. Unamlaumu nani? Hiyo ndiyo sababu nilisema tyubu mbili.

Ikabidi tuzibe ile ya zamani. Mjini ungeizamisha kwenye beseni uone mapovu. Sisi maji hayakuwa ya kuchezea, kwa hiyo nilipitisha tyubu taratibu karibu na mdomo nisikie upepo kwenye midomo. Matundu mawili. Mama Nuru akasugua, akapaka gundi, anafanya kazi kama fundi wa Msimbazi.

Wakati tunasubiri gundi ikauke, akatokea mzee wa Kimasai na kijana wake, mbuzi kama sitini nyuma yao. Kijana akaja akainamisha kichwa mbele ya mke wangu. Mama Nuru akabaki anashangaa hadi mzee alipomwonyesha kwamba unamgusa kichwani, ndiyo salamu yake kwa mkubwa. Akamgusa, na uso wake ukabadilika kidogo. Nadhani alimkumbuka Nuru.

Mzee alikaa juu ya dumu letu la petroli, Kiswahili chake kizuri, kifupi. Mnatoka wapi? Dar es Salaam. Kwa hiki kipikipiki? Ndiyo mzee. Watoto wangapi? Mmoja. Mbuzi? Hatuna. Akatuonea huruma waziwazi.

"Na Dar unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa mhasibu," nikajibu, huku naangalia tyubu.

Kiswahili kina ubaya wake. Kiungo kimoja tu katikati ya neno, "-li-", na mambo yote yako nje. Ningesema "ni mhasibu", tungeendelea na safari yetu. Wiki sita nililinda ulimi wangu Dar nzima, nikaja kuteleza porini mbele ya mbuzi sitini.

Mzee akatikisa kichwa. "Na sasa?"

Mama Nuru aliacha kusugua. "Ulikuwa?" akauliza.

Nikanyamaza. Mzee aliniangalia, akamwangalia yeye, akasimama, akasema wacha awahi, mbuzi wake wanakwenda mbali. Mbuzi walikuwa wamelala kivulini, hakuna hata mmoja aliyenyanyuka. Lakini aliondoka na kijana wake, akawaamsha wote, akawapeleka mbele kama mita mia mbili, akakaa tena. Nimewaza mara nyingi juu ya adabu ile.

Nikasema. Nikasema yote: barua, kiinua mgongo, benchi, mshahara wa uongo. Nilidhani atalia, au atauliza sasa tutaishi vipi. Mke wangu alipiga hesabu.

"Wiki sita," akasema. "Siku tano tano. Mara thelathini nimeamka saa kumi na moja nikakupakia wali, ukaenda kuulia kwenye benchi." Akakaa kidogo. "Na milioni zangu mbili nimempa mtu kwa ajili ya mkopo ambao haupo."

"Nilitaka—"

"Gundi imekauka. Funga tairi."

Kwenye karia

Wanaopanda pikipiki na wapenzi wao watanielewa. Abiria wako anaweza kushika kiuno chako, au anaweza kushika chuma cha karia nyuma yake. Tulipoondoka pale Mama Nuru alishika karia. Kwenye kila shimo nilihisi ule upepo kati yetu.

Na ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote, ndilo linaloniuma. Kerimasi ikapita kushoto, na nyuma yake Ol Doinyo Lengai ukasimama peke yake, umechongoka, makorongo yameshuka kila upande kama mikunjo ya khanga iliyokamuliwa. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu na huenda kuuombea. Una mita 2,962 na uko hai. Na si volkano ya kawaida: nyingine hutoa uji wa moto unaopita nyuzi joto 1,000, huu wa kwetu hutoa uji wa nyuzi 500 hadi 600, mwepesi, mweusi kama oili chafu, na ukipoa na kupata unyevu unageuka mweupe. Hakuna volkano nyingine hai inayojulikana duniani inayotoa uji kama huo. Julai 2007 ardhi ya huku ilitetemeka hadi Nairobi wakasikia, na Septemba mlima ukaanza kurusha majivu, ukaendelea hadi 2008. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma ili nije nimsimulie yeye. Nikayasimulia kichwani mwangu, mwenyewe.

Majivu ya zamani ndiyo barabara yenyewe pale. Unga wa kijivu, laini, unaficha mawe na mashimo. Kwenye korongo moja gurudumu la mbele likazama, tukaenda chini, polepole, kama watu waliochoka. Hakuna aliyeumia zaidi ya kiwiko chake kuchubuka. Lakini kifuniko cha tenki hakikuwa kimekaza, na nilichosikia kwanza baada ya kilomita zaidi ya ishirini za kimya ni sauti yake:

"Mafuta!"

Tukainyanyua pamoja. Nikafungua tenki, nikachungulia. "Yanatosha," nikasema.

"Yanatosha kweli," akauliza, "au yanatosha kama mshahara?"

Msomaji, hapo sina la kujitetea. Nikakata kijiti, nikakitumbukiza, nikamwonyesha alama ya unyevu, naye akakipima kwa vidole vyake. Tukamimina lita zetu tatu. Tukanywa maji, kila mtu vikombe viwili, yeye ndiye aliyegawa. Akapanda. Akashika karia.

Nyayo

Engaresero tuliingia saa tisa, tukalipa ushuru getini, tukapewa risiti, tukapata mahali pa kupiga hema chini ya migunga karibu na mto. Ziwa Natron unaliona kabla hujalifikia, mstari wa fedha na waridi, na joto linalokupiga usoni kama umefungua chungu. Maji yake ni ya magadi, makali. Kina chake hakifiki mita tatu. Lakini flamingo, ambao vitabu huwaita heroe, wamelichagua: kama robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa kwenye ziwa hili moja. Wanajenga viota vyao vya tope katikati ya magadi, mahali ambapo fisi hawezi kuthubutu.

Jioni muongozaji wa kijijini alitupeleka kwenye jambo ambalo nilikuwa silijui vizuri. Karibu na ziwa kuna uwanda wa majivu yaliyoganda kuwa jiwe, na juu yake nyayo za watu. Zaidi ya 400. Wenyeji ndio walioziona kwanza. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza kwamba zina umri wa kati ya miaka 5,000 na kitu na miaka 19,000. Unaona kisigino, unaona kidole gumba kilivyobonyea matope. Mwaka 2020 utafiti mwingine ukasema kuna kundi la watu 17 waliokuwa wakienda pamoja upande mmoja, na kwa vipimo vya nyayo zao yaelekea 14 walikuwa wanawake wazima, wanaume wazima wawili, na kijana mmoja wa kiume. Wanadhani wanawake walikuwa kwenye kutafuta chakula.

Mama Nuru alichuchumaa, akaweka mguu wake kando ya unyayo mmoja, bila kugusa. Unalingana kabisa.

"Wanawake kumi na wanne wanatafuta chakula," akasema. "Na hao wanaume wawili, walikuwa wanakwenda kazini kweli?"

Muongozaji alicheka. Mimi nikacheka kwa kuchelewa. Yeye hakucheka, lakini aliniangalia, mara ya kwanza tangu kwenye mwiba.

Usiku alitandika mkeka, akawasha tochi ya simu, akageuza ile risiti ya getini upande mweupe na kuomba kalamu.

"Kilichobaki kwenye kiinua mgongo. Kamili."

"Milioni mbili, laki sita na hamsini."

"Nionyeshe."

Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Tukasubiri salio kama dakika kumi, tumeinamia simu moja, vichwa vinakaribia kugusana. Lilipokuja lilikuwa kama nilivyosema. Akaandika. Akaandika kodi ya nyumba, ada ya Nuru, mafuta ya kurudi. Kisha akaandika milioni nne, akaizungushia duara.

"Fremu siiachii," akasema. "Kuna dada mmoja anauza mabegi, ananiomba kila siku tugawane. Nilikuwa nakataa. Nusu kwa nusu, na kilemba nusu kwa nusu." Akapiga hesabu tena. "Mimi nimeshatoa mbili. Imebaki moja ya kwangu."

"Tuuze pikipiki," nikasema. "Tupate na ya kununulia mzigo."

Aliitazama ilivyoegemea mgunga, vumbi hadi kwenye taa.

"Tuiuze hapa," akasema, "turudi Gerezani na mbuzi?"

Ndipo alipocheka. Kidogo. Akaandika "pikipiki" mwisho wa orodha na kuweka alama ya kuuliza. Akalala ameniangalizia mgongo. Mimi nikakaa nje hadi baridi iliponishinda, na shangazi alisema kweli kuhusu nyota.

Asubuhi nilifunga mizigo, nikakaza cheni, nikakaza na kifuniko cha tenki mara mbili. Mama Nuru alikunja mkeka, akajaza maji, akavaa helmeti. Alipopanda hakushika karia, wala hakunishika kiuno. Aliweka dumu la maji katikati yetu, akalikumbatia.

"Twende," akasema. "Na mafuta yakianza kupungua, unasema."